Dawa ya deni si ile ya Daktari Jekyll

Adui wa filamu tulizokulia nazo alikuwa na kazi moja tu: kufa mwishoni. Angeweza kuchoma kijiji kizima, kumuua baba wa steringi, kumteka mchumba wake na kumfunga kwenye ghala la mafuta, na sisi tuliojibana kwenye mabenchi ya kibanda umiza tulivumilia yote kwa sababu dakika kumi za mwisho zilikuwa zetu. Steringi hafi, adui haponi. Hakuna aliyewahi kuuliza adui analala vipi usiku.

Once Upon a Time ilituvurugia utaratibu huo. Tamthilia hiyo ya kituo cha ABC cha Marekani ilianza Oktoba 2011 na kwenda misimu 7, mpaka Mei 2018. Walioibuni, Edward Kitsis na Adam Horowitz, walikuwa wametoka kuandika tamthilia ya Lost, kwa hiyo mchezo wa kurudi nyuma na kwenda mbele katika maisha ya mhusika walikuwa nao mkononi. Wahusika wa ngano za Ulaya, kina Snow White, Rumplestiltskin, Pinocchio na wenzao, wamepigwa laana na kutupwa katika mji mdogo wa Marekani uitwao Storybrooke, na hawakumbuki wao ni nani. Aliyeileta laana hiyo ni Malkia Mwovu, yule wa kioo na tufaha. Storybrooke yeye ni meya, anavaa suti zilizomkaa sawasawa, anaitwa Regina Mills, na analea mtoto wa kuasili.

Kwa sheria za kibanda umiza, Regina alitakiwa awe amekufa mwisho wa msimu wa 1. Hakufa, na kwa maoni yangu sababu kubwa ni Lana Parrilla. Mama huyu aliigiza ubaya kwa raha mno, na maumivu kwa ukweli mno, kiasi kwamba ukimwondoa yeye hadithi nzima inalegea. Ikabidi adui atafutiwe njia ya kuendelea kuishi miongoni mwa aliowadhuru. Waandishi walihangaika na jambo hilo kwa miaka, mara nyingine kwa akili, mara nyingine kwa ujanja wa kitoto.

Nataka kuzungumzia sehemu moja tu, ya 14 ya msimu wa 6, “Page 23”, iliyorushwa tarehe 26 Machi 2017. Sisemi ni bora kuliko zote. Msimu ule una mambo mengi ya kukera, na kama hujaitazama tamthilia na una nia ya kuitazama, ishia hapa maana sitaficha kitu. Ila ndani ya sehemu hiyo kuna mambo mawili, mshale na mioyo, ambayo sijayaona yakifanywa vizuri hivyo na tamthilia nyingine ya aina yake.

Kwanza turudi kwenye dawa. Mwisho wa msimu wa 5 Regina amefiwa. Robin Hood, mwanaume aliyempenda baada ya miaka ya kuogopa kupenda, ameuawa na Hades, mungu wa kuzimu, tena kwa namna mbaya kuliko kifo: roho yenyewe imefutwa, hata kuzimu haipatikani. Regina amekuwa mtu mwema kwa muda sasa na amechoka. Akitenda ubaya anaumia, akitenda wema anaumia, na yule Malkia wa zamani bado yumo kifuani anagonga mlango. Hapo ndipo inapofika dawa ya Daktari Jekyll, yenye uwezo wa kumtenganisha mtu na nusu yake. Juu ya paa la jengo mjini New York, Regina anaitumia, na Malkia anatoka mzima mzima, na gauni lake, na nywele zake zilizopandishwa juu, na dharau yake yote. Regina anamchomoa moyo, anausaga mkononi, Malkia anageuka vumbi. Wenzake wanashusha pumzi.

Mimi nilikereka. Nilikereka kwa sababu dawa hiyo naijua, na huku kwetu inapatikana bure bila cheti cha daktari. Sikiliza habari za mahakamani siku yoyote. Mtu kamkata jirani yake panga kwa ajili ya mpaka wa shamba, mwingine kala fedha za kikoba, mwingine kampiga mkewe mpaka kalazwa. Akipewa nafasi ya kujitetea utasikia: mheshimiwa, shetani alinipitia. Palepale kizimbani mtu anajigawa pande mbili. Upande mmoja unaomba huruma na upande mwingine, ule uliotenda, umeshaondoka na haujulikani anwani. Tofauti ni kwamba shetani wetu haonekani, wa Regina kavaa gauni jeusi.

Malkia hakufa, bila shaka. Kabla sehemu ile ya mwisho wa msimu haijaisha tunamwona tena, mzima, anacheka. Msimu wa 6 unaanza na watu wawili wenye sura moja, na jambo la kwanza unaloligundua ni kwamba Regina aliyebaki amechuja. Ni mpole, anasikiliza, anafanya mikutano. Ule ulimi uliokuwa ukikata bila kisu umehamia upande wa pili pamoja na vicheko vyote. Parrilla alikuwa anaigiza watu wawili, na ungeweza kuwatofautisha hata ukiwa umefumba macho. Malkia anavuta maneno kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote, Regina anayabana. Kuna pia sharti moja lenye maana: mmoja akiumizwa, mwenzake naye anaumia. Kwa hiyo kuua ubaya wako kunataka ufe nao.

Waandishi walijua kwamba dawa ile ni uongo, na walitudokeza mapema. Sehemu ya 4 ya msimu huo huo, “Strange Case”, inasimulia maisha ya Jekyll mwenyewe. Tumemzoea kama mwanasayansi mnyonge aliyeteswa na Hyde, nusu yake mbaya iliyotolewa na dawa. Kumbe mwanamke waliyempenda wote wawili, Mary, aliuawa na Jekyll. Alimchagua Hyde, Jekyll akapandwa na hasira, akamsukuma, akaanguka kutoka dirishani. Hyde hakuwa na mkono katika jambo hilo. Baadaye, Storybrooke, Jekyll anapochomwa na kufa, Hyde naye anaanguka na kufa. Nusu njema nayo ilikuwa na damu mikononi.

Hapo tamthilia ilikuwa karibu zaidi na Robert Louis Stevenson kuliko filamu nyingi zilizomuiga. Watu wengi wanaikumbuka hadithi yake ya 1886 kama hadithi ya mtu mwema na mtu mbaya wanaopokezana mwili. Ukiisoma utaona si hivyo. Dawa inamtoa Hyde peke yake, ubaya mtupu. Jekyll anayebaki si malaika, ni mchanganyiko ule ule aliokuwa nao kabla ya kunywa, na tamaa zake ndizo zilizomfanya aitafute dawa. Katika maungamo yake ya mwisho anateleza kila mara, mara anamwita Hyde “yeye”, mara anasema “mimi”. Anataka kumkana na mdomo unakataa.

Na kugawana huku hakukuanza na Stevenson. Ndugu wawili Grimm walipochapisha ngano zao mara ya kwanza mwaka 1812, malkia anayetaka kumuua Snow White alikuwa mama yake mzazi. Yule yule aliyeomba apate mtoto mweupe kama theluji ndiye aliyeagiza mtoto huyo auawe msituni. Katika toleo la pili la 1819 mama mzazi anakufa anapojifungua, na ubaya wote unahamishiwa kwa mama wa kambo. Mwanasaikolojia Bruno Bettelheim aliandika mwaka 1976 kwamba mama wa kambo wa kwenye ngano humsaidia mtoto kumhifadhi mama mwema kichwani mwake, mama asiyeguswa na hasira ambazo mama halisi huwa nazo. Sijui kama ni hivyo kwa watoto wote. Najua tu kwamba mama wa kambo wa kwenye hadithi za bibi zetu alifanya kazi hiyo hiyo, na mama wa kambo wa kweli, waliolea watoto wa wenzao kwa moyo mmoja, wameibeba aibu hiyo mpaka leo. Mama mmoja alikatwa vipande viwili ili kimoja kibaki safi. Regina ni kile cha pili.

Toleo lile lile la 1819 lina mgawanyiko mwingine, huu wa wazi kabisa. Rumpelstiltskin, yule kijitu anayesokota majani makavu kuwa dhahabu, jina lake linapotajwa, mwaka 1812 alikasirika tu na kukimbia, asirudi tena. Mwaka 1819 anapiga mguu wa kulia chini mpaka unazama ardhini, anashika wa kushoto kwa mikono yote miwili, na kujipasua katikati. Nikumbushe mbele huko, nitamrudia.

Sasa mshale. Katika sehemu ya “Page 23” tunarudishwa zama za Malkia akiwa katika kilele cha ukatili wake, anamsaka Snow White na hampati. Baba yake, Mzee Henry, bado yu hai. Ni mtu dhaifu, aliyekosa ujasiri wa kumzuia mkewe alipomharibu binti yao, na sasa hana ujasiri wa kumzuia binti. Ila anampenda, na anatafuta njia ya kumtoa kwenye kisasi. Unaingia mshale wa Cupid, mungu wa mapenzi wa Warumi, ambao humwongoza aliye nao hadi kwa mtu wa kupendwa. Mzee anatumaini binti yake ataufuata na kupata mtu wa kuanza naye maisha.

Malkia anaugeuza. Kama mshale unaweza kutafuta mapenzi, unaweza pia kutafuta chuki. Anautia uchawi umpeleke kwa mtu anayemchukia kuliko wote duniani, akiwa hana shaka hata chembe kwamba mtu huyo ni Snow White. Anaufuata, na mwisho wa safari mshale unamfikisha mbele ya kioo.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi na kila mara naangalia uso tu. Parrilla hafanyi kitu kikubwa. Anautazama mshale, anatazama kioo, kiburi kinamtoka polepole, kinabaki kitu cha mtoto aliyeshikwa. Kisha unaona jinsi anavyokikataa. Kile kioo tangu utoto wetu kilikuwa kinaulizwa swali la uzuri: nani mzuri kuliko wote? Hapa kimejibu swali ambalo hakikuulizwa. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, lakini mithali hiyo tumezoea kuwarushia ndugu, majirani na wafanyakazi wa ndani. Mara chache mtu huisema akijitazama.

Kinachonimaliza ni kwamba mzee yupo hapo. Anayefahamu tamthilia tangu mwanzo anajua kinachomsubiri. Sehemu ya 2 ya msimu wa 1, Oktoba 2011, ilikuwa na jina “The Thing You Love Most”. Ili laana ifanye kazi Malkia alitakiwa atoe moyo wa kile anachokipenda kuliko vyote. Kwanza alitoa moyo wa farasi wake wa utotoni, ikashindikana. Kisha akamkumbatia baba yake, akamchomoa moyo. Alilia, naye akaendelea na kazi. Baadaye, Storybrooke, mtoto aliyemuasili akampa jina la Henry.

Kwa hiyo katika maisha yake mwanamke huyu aliulizwa maswali mawili na uchawi. Unampenda nani kuliko wote? Baba. Unamchukia nani kuliko wote? Mimi. Akamuua anayempenda na kumwacha hai anayemchukia. Sijui kama waandishi walipanga maswali hayo yajibizane baada ya miaka mitano na ushei. Kama hawakupanga, walibahatisha vizuri sana, maana ukiyaweka pamoja unaelewa kwa nini vijiji vyote vile vilichomwa. Snow White alikuwa kisingizio. Alikuwa mtoto aliyetoa siri, na kwa siri hiyo mchumba wa Regina akauawa na mama yake Regina. Chuki ilihitaji mahali pa kutua, ikatua kwa mtoto, kwa sababu kutua pale ilipotakiwa kulikuwa kunauma.

Upande wa Storybrooke, wakati huohuo, Malkia anatumia mkasi wa ajabu kukata kifungo kinachowaunganisha, ili amuue Regina bila yeye mwenyewe kufa. Sasa wako huru kuuana. Wanapigana kwa panga, na sitakaa hapo, pambano lenyewe ni la kawaida. Regina anashinda. Anaushika moyo wa Malkia mkononi, na Malkia, ambaye hajawahi kuomba chochote kwa mtu, anataka amalizwe.

Tulishaiona hali hii juu ya paa la New York, na tunajua Regina aliifanyaje. Safari hii hausagi. Anachomoa na moyo wake mwenyewe, mioyo miwili inawaka mikononi, halafu anafanya jambo ambalo adui wa kibanda umiza asingelielewa: anachukua sehemu ya ule weusi na kuutia kwake, na upendo wa kwake anautia kwa mwenziwe. Kinachotokea hakimfanyi yeyote kati yao kuwa msafi. Regina anarudishiwa hasira zake na ule ulimi wake. Malkia anapewa kitu ambacho dawa ilimnyima tangu atolewe, uwezo wa kuumia kwa ajili ya mwingine. Regina anakiri kwamba aliyekuwa akimchukia muda wote ni yeye mwenyewe, na kwamba sasa anaweza kujipenda.

Maneno hayo ya kujipenda yamechoshwa mno siku hizi, yapo kwenye vikombe na kwenye kurasa za wauza vipodozi, na nilipoyasikia nilikunja uso. Lakini tendo lilitangulia maneno, na tendo lilikuwa zito. Mashekhe wetu wakisema jihadi ya nafsi hawamaanishi uitoe nafsi uichinje. Nafsi hailiki na haiuziki, unakaa nayo mpaka siku ya mwisho, kazi ni kuifunza adabu. Paulo naye aliwaandikia Warumi kwamba lile jema alipendalo halitendi, bali lile baya asilolipenda ndilo alitendalo, na katika sentensi yote hiyo mtendaji ni mmoja. Regina kuuchukua weusi wake ni kusema hivyo hivyo: aliyetenda ni mimi, hakuna aliyenipitia.

Na hapa ndipo ugomvi wangu na sehemu hii unapoanza, kwa sababu mtu akishasema aliyetenda ni mimi, wanaomdai wana haki ya kubisha hodi.

Tamthilia yenyewe ilikuwa na hesabu kali ilipotaka. Msimu wa 2, Snow White alitumia hila kumuua Cora, mama yake Regina, mchawi aliyekuwa ameua watu wengi. Kwa kosa hilo moja moyo wake ulipata doa jeusi, na tulionyeshwa doa hilo. Sasa mtazame Graham. Alikuwa mwindaji aliyetumwa msituni kumuua Snow White akashindwa kwa huruma. Malkia akamchomoa moyo na kumweka chini ya amri yake, akalazimishwa kulala kitandani kwake, na miaka yote ya Storybrooke, akiwa mkuu wa polisi wa mji, aliendelea hivyo hivyo, mtu asiye na hiari. Siku alipoanza kukumbuka yeye ni nani, msimu wa 1 sehemu ya 7, Regina alikwenda mahali alipouficha moyo wa Graham, akausaga. Graham alikufa sakafuni hajui kimempata nini. Hilo halikutendwa na Malkia mwenye gauni. Lilitendwa na meya mwenye suti, mama anayemfungia mwanawe chakula cha shule.

Dada yangu mkubwa hafuatilii tamthilia hizi, ila anapopiga pasi sare za wanawe sebuleni hulazimika kutazama ninachotazama. Ile mioyo ilipochanganywa alisimamisha pasi.

“Kwa hiyo amesamehewa?”

“Amejisamehe, dada.”

“Nani kampa ruhusa? Yule askari wenu aliyesagwa moyo kafufuka?”

“Hapana.”

“Haya. Endelea na katuni zako, mdogo wangu.”

Kisha akarudia kola ya shati.

Nilitaka kumjibu na bado nina jibu, ingawa ni nusu jibu. Kujichukia hakumlipi mtu. Regina alijichukia kwa miongo, kwa bidii, na hakuna mjane hata mmoja wa vile vijiji aliyepata chochote kutokana na chuki hiyo. Kinyume chake, chuki hiyo ndiyo iliyochoma vijiji. Mtu anayejichukia vya kutosha huona kama ameshalipa, kila usiku anajipiga na asubuhi anaamka akiwa na risiti ya uongo mfukoni. Na mtu aliyejigawa ni mbaya zaidi, maana mdai akija anakuta mlangoni yule mpole, na yule mpole anaapa kwamba mdaiwa kahama. Kwa hiyo kuziunganisha nusu mbili ilikuwa ni lazima kwanza. Palikuwa hapana mtu wa kumdai mpaka siku ile.

Dawa ya deni ni kulipa, lakini lazima kwanza awepo mwenye deni.

Tatizo ni kwamba baada ya kumpata, sehemu ya 14 ilimpa nauli. Malkia aliyechanganyiwa moyo anapelekwa ulimwengu mwingine, anaingia kwenye tavern, yaani kilabu cha pombe, na ndani yupo Robin Hood wa ulimwengu huo. Jina la sehemu linatoka hapo: ukurasa wa 23 wa kitabu cha hadithi unaonyesha Regina na Robin wakiwa pamoja tavern, maisha ambayo yangekuwepo kama Regina kijana asingeogopa na kukimbia mlangoni, usiku ule kichimbakazi Tinker Bell alipompeleka pale. Malkia anapewa mlango ule ule, na safari hii anaingia. Ni pazuri. Nilifurahi kwa ajili yake, sitasema uongo. Lakini hesabu inakataa. Weusi uligawanywa kwa wanawake wawili, mmoja akaenda kwenye mapenzi, mwingine akabaki kuwa meya, na katika mgawanyo huo hakuna aliyeondoka na jina la Graham.

Nadhani waandishi walishindwa kwa sababu ya aina ya hadithi waliyochagua. Ngano ya Ulaya inajua adhabu na inajua zawadi, haijui kulipa kidogo kidogo. Malkia wa Grimm hana mahali pa kati: anavishwa viatu vya chuma vilivyookwa motoni, anacheza navyo mpaka anakufa, harusi inaendelea. Ukikataa viatu vile, na watu wenye huruma lazima wavikatae, unabaki na zawadi tu. Mambo ya kumlea yatima uliyemfanya yatima, ya kukaa na mjane kimya anapokutukana, ya kurudi mwaka wa pili na wa tatu, hayana ukurasa katika kitabu hicho. Regina alifanya mema mengi, aliokoa mji mara kadhaa, ila kuokoa mji ni sifa. Sikumwona akienda kwenye kaburi la yule askari na kukaa.

Ukitaka kuona kwamba ingewezekana, tazama alivyomalizika Rumplestiltskin, ambaye nilisema nitamrudia. Robert Carlyle alimwigiza misimu yote 7, na mwisho kabisa, Mei 2018, naye anakutana na nusu yake, Rumple wa ulimwengu mwingine ambaye hajawahi kuacha ubaya. Rumple wetu angeweza kujinusuru. Badala yake anachomoa moyo wake kwa mkono wake na kumpa Kapteni Hook, yule haramia, wa ulimwengu ule, aliyekuwa anakufa, na kwa kufanya hivyo yeye na nusu yake wote wanakwisha. Mtu wa 1819 alijipasua kwa hasira ya kushindwa. Huyu alijipasua ili mwingine aishi. Waandishi walijua kuandika malipo.

Katika sehemu hiyo hiyo ya mwisho falme zote zinaunganishwa kuwa moja, na wananchi wanamchagua wa kuwaongoza. Wanamchagua Regina. Anaingia ukumbini amechelewa, Snow White akiwa mbele, anavishwa taji, anaitwa Malkia Mwema. Nilitokwa na machozi kama mjinga. Dada alikuwa jikoni, na sikumwita aje kuona.